Mlango wa Kampasi Tuufungue kwa Nani?

(Hotuba ya timu ya tereni kwenye mkutano mkuu wa memba. Tumeiandika hapa karibu kama ilivyosemwa. Salamu za mwanzo tumeziacha.)



Tumepewa saa moja. Tutajaribu kutumia nusu yake, ili nusu ingine iwe ya kuulizana, maana tunajua maswali yapo. Tumeyasikia tangu jana, kwenye kituo cha mota na hata kwenye msiba wa juzi. Swali kubwa ni hili: pesa ya kampasi ambayo chama kinachanga kila mwezi, pamoja na ile ambayo wafadhili wanaongezea, ni ya nani? Ni ya watoto wa memba peke yao, ama na ya wengine? Leo mutapiga kura juu ya hilo. Kabla ya kura, tunaomba tuwaeleze kile tulichoona kwa macho yetu, na pia kile tulichoharibu kwa mikono yetu.

Kwenye karatasi ya mradi wafadhili wameandika maneno matatu: utofauti, usawa na ujumuisho. Mzee mmoja wa komite alituuliza, "Haya ni maneno ya nani? Sisi tulizoea kusema kusaidiana tu." Alikuwa na haki ya kuuliza. Tuliona ni vizuri tutafute mfano kwetu wenyewe, na hatukwenda mbali.

Wengi wenu mulikaa Nyarugusu, kule Kasulu, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996. Mnakumbuka siku ya mgao. Kila mtu alikuwa na kadi, na kila kadi ilipewa unga, maharagwe, mafuta na chumvi kwa hesabu ya vichwa. Hesabu ilikuwa moja kwa wote, na hakuna aliyepunjwa kwenye mizani. Lakini mama mzee aliyekaa peke yake, mwenye mgongo uliokwisha kuinama, alifanya nini na mfuko wake? Alimwita kijana amubebee mpaka nyumbani, na kijana alilipwa unga. Alipofika kwake, mfuko wa mama ulikuwa umepungua kuliko wa jirani. Mizani ilisema sawa, sufuria ikasema si sawa.

Kumbe usawa ambao tunausema ni ule wa kwenye sufuria. Utofauti ni kukubali kwamba kwenye ule mstari kulikuwa na kijana, mzee, mama mwenye mimba na mtu asiyeona. Ujumuisho ni kumuuliza yule mama mwenyewe angependa tufanye nini, badala ya kuamua kwa niaba yake. Wote tuliosimama kwenye mstari ule tunayajua mambo haya. Tulichokosa ni kuyahamishia kwenye chuo kikuu.

Sasa twende kwenye kampasi. Tulipoanza kutembelea wanafunzi, tulidhani shida ni moja tu, minervali. Tulisema: tukilipa minervali, mtoto atasoma, mambo yamekwisha. Haikuwa hivyo. Tuliona shida nne zingine zilizojificha nyuma ya ile moja.

Ya kwanza ni karatasi. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini ana majina mawili kwenye kadi ya kambi. Akifika hapa, dosie inamuomba majina matatu, kama ilivyo desturi ya nchi yetu. Anaandika la babu. Baadaye dipuloma ya Leta inakuja na majina yaliyopangwa vingine, ama herufi moja imebadilika. Kwenye meza ya kujiandikisha anaambiwa, "Huyu si weye." Kupata hukumu ya tribunali inayosimama mahali pa cheti cha kuzaliwa kunaomba safari, kungoja na pesa. Aliyesomea Uganda kwa Kiingereza na kumaliza kule, yeye anahitaji pia karatasi ya kulinganisha dipuloma yake na ya Kongo, na karatasi hiyo inatoka Kinshasa. Mwaka unapita. Tunamjua kijana aliyefaulu vizuri, ambaye alikaa miaka miwili akiuza mafuta ya mota kwenye chupa, kwa sababu ya herufi moja tu.

Tena kuna wale walioanza chuo, wakakimbia vita katikati ya masomo, wakarudi na kukuta hata mpango wenyewe umebadilika. Waliacha gradua na lisansi, wakakuta ule wa LMD, wa kuhesabu kredi, ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022. Mtu anauliza, "Ile miaka yangu miwili nimuonyeshe nani?" Mara nyingi hakuna anayejua kumujibu.

Ya pili ni lugha. Shule za Wakongomani kule Nyarugusu zilifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Lakini Kifaransa kilibaki darasani. Ukitoka mlangoni, Kiswahili, sokoni, Kiswahili, kanisani na mpirani, Kiswahili, tena kile cha Tanzania. Huyu mtoto anaingia oditwari yenye wanafunzi mia mbili, profesa anaongea haraka, hakuna wa kumsimamisha. Akifungua mdomo kuuliza, wenzake wanacheka, si Kifaransa chake tu, hata Kiswahili chake. "Sikieni huyu wa Nyerere!" Tunacheka hapa, ndiyo. Lakini tumekaa na kijana aliyemaliza mwaka mzima bila kuuliza swali hata moja darasani. Alifeli somo ambalo alilielewa, kwa sababu lilisahihishwa kwa kuongea mbele ya watu.

Ya tatu ni mambo madogo ya pesa ambayo hayamo kwenye minervali. Silabusi inauzwa. Fotokopi inalipiwa. Kazi ya kikundi inaomba kuchapishwa na kufungwa vizuri. Mtoto ambaye wazazi wake walirudi na kukuta shamba limekaliwa na mtu mwingine hana shangazi mjini wa kumukopesha. Anasoma silabusi ya kuazima usiku, na mwenye silabusi anaitaka asubuhi.

Ya nne tunaisema polepole, maana inauma. Ni lile swali: "Weye uko wa wapi?" Kwenye mkoa wetu mnajua swali hilo linatafuta nini. Halitafuti jina la kijiji. Linataka kujua kabila, na wakati mwingine linataka kujua ulikuwa upande gani. Aliyerudi kutoka Tanzania anaambiwa ni mgeni. Wa Milima ya Juu anaambiwa si wa hapa. Mtwa anaambiwa, "Hata ninyi mnasoma?" Mrundi ambaye familia yake ilikimbilia Lusenda mwaka 2015 ananyamaza kabisa ili asitambulike. Wanakaa kwenye benchi moja, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeulizwa.

Na wasichana wanapitia yote manne, halafu wanaongezewa la tano. Kodi ya chumba karibu na kampasi ni kubwa, kwa hiyo wanapanga mbali. Masomo yakiishia jioni, wanarudi gizani. Wapo walioambiwa na mtu mwenye kalamu ya kuandika pointi kwamba pointi zinaweza kuongezeka "kwa kusikilizana." Hatutaji chuo wala mtu. Tunasema tu kwamba tumesikia jambo hilo zaidi ya mara moja, kutoka kwa wasichana ambao hawajuani.

Sasa tufike kwenye makosa yetu sisi. Wafadhili wako hapa, na tuliambiwa na baadhi ya wakubwa tusilisome fungu hili. Tunalisoma.

Kosa la kwanza: tulibandika orodha. Mwaka tulipoanza kulipa minervali, tuliandika majina kwenye karatasi, na juu yake tukaandika kwa herufi kubwa WANAFUNZI WALIORUDI. Tukaibandika ukutani karibu na ofisi ya apariteri. Tuliona ni uwazi, kila mtu aone pesa inaenda wapi. Wiki iliyofuata wale wanafunzi walikuwa na jina jipya, "wa mgao." Wawili walikuja kutuomba tuwafute, wakasema afadhali wahangaike wenyewe. Tena mtu tusiyemjua aliipiga ile orodha picha kwa simu. Mpaka leo hatujui aliipeleka wapi. Kwenye mji huu, orodha ya majina yenye asili ya watu si karatasi ya kuchezea. Tulipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kosa la pili: tuliwatenga kwa nia njema. Tulifungua masomo ya Kifaransa ya jioni kwa waliorudi tu. Walikuja wachache, wakakaa kama wagonjwa kwenye chumba cha kungojea. Waliobaki nje walisema, "Hata mimi Kifaransa changu kinanisumbua, nilisoma kijijini Itombwe, mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akitafsiri. Kwa nini mimi hapana?" Hatukuwa na jibu zuri.

Kosa la tatu ndilo zito. Tulipoketi na kupitia majina ya waliolipiwa miaka yote, tulikuta wengi ni wavulana, wengi wanakaa mjini, na wengi wana baba au mjomba anayejulikana kwenye chama. Hakuna aliyeiba. Vigezo vilisomwa kwenye mkutano kama huu, kwa hiyo aliyevisikia ni yule ambaye mzazi wake huwa anakuja mkutanoni. Mjane wa kijijini, anayelipa mchango wake kwa kumtuma mtu, alisikia wakati majina yamekwisha kufungwa.

Tulijifariji kidogo tulipojua kwamba hata wakubwa wamepitia njia hiyo. Chuo Kikuu cha Makerere, kule Kampala, tangu 1990 kiliwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kuwapokea, ili idadi yao ipande. Ilipanda kweli, na wengi walipata nafasi ambayo wasingeipata. Lakini wapo waliolalamika kwamba waliofaidi zaidi ni wasichana wa shule nzuri za mjini, ambao tayari walikuwa karibu na mlango, na yule wa mbali alibaki mbali. Mlango ukipanuliwa bila kutengeneza njia, anaingia yule aliyekuwa amesimama mlangoni.

Basi tulibadilisha nini? Tutataja mambo machache, na kila moja tutasema limefika wapi.

Orodha tuliziondoa ukutani. Anayelipiwa anajua yeye, anajua mhasibu, na wakaguzi wa chama wanaona dosie. Uwazi upo, ila uko mezani.

Masomo ya Kifaransa tuliyafungua kwa yeyote wa mwaka wa kwanza. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho ndio wanaofundisha, na tunawalipa nauli. Chumba kilijaa. Lililotushangaza ni kwamba waliorudi walianza kuja wengi kuliko wakati ule ilipokuwa yao peke yao. Hakuna aliyejua nani ni nani, kwa hiyo hakuna aliyeona haya.

Silabusi tulinunua nakala chache za kila somo la mwaka wa kwanza, tukaziweka kwenye kabati. Unaazima kwa siku tatu, unaacha kadi yako. Zimepotea mbili tu mpaka sasa, na moja tunajua iliungua pamoja na nyumba.

Meza ya karatasi iko wazi Jumatano. Kijana mmoja aliyemaliza sheria anakaa pale, anasoma dosie kabla ya mtu kwenda kwenye dirisha la kujiandikisha, anamwambia kinachokosa. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo iliyorudisha wanafunzi wengi darasani. Yule wa herufi moja amerudi. Yuko hapa leo, hatutamsimamisha.

Kwa kazi za vikundi, tuliongea na maasistanti wawili wakakubali kugawanya vikundi kwa kura ya vikaratasi kwenye kofia, badala ya kuacha watu wachaguane. Watu wakichaguana, kabila linachagua. Mwanzoni walinung'unika. Kikundi kimoja kilivunjika na hakikupona, tunasema ukweli. Vingine vilimaliza kazi. Na kuna vijana wawili wa jamii ambazo mnazijua, ambao wazazi wao hawasalimiani sokoni, waliotembea pamoja usiku kutafuta mahali penye umeme ili kuchapisha kazi kabla ya saa mbili asubuhi. Hatusemi kwamba wamekuwa ndugu. Tunasema kazi iliingia kwa wakati na majina yao yako kwenye karatasi moja.

Tuwaeleze pia habari ya mwanafunzi mmoja anayetembea kwa trisikli ya mikono. Promosio yake ilikuwa inasomea ghorofani. Hakuna njia ya kupanda zaidi ya ngazi. Wiki za kwanza wenzake walimbeba. Halafu akakataa, akasema, "Nimekuja kusoma, sikuja kubebwa kama gunia mbele ya wasichana." Akawa anakaa chini ya ngazi na kusikiliza sauti ya profesa inayoshuka. Siku ya mvua juu ya mabati hakusikia kitu. Tulienda kuomba promosio ishushwe. Tukajibiwa kwamba haijawahi kufanyika. Tukarudi na nakala ya sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ile ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu, pamoja na kifungu cha 49 cha Katiba. Hatukuenda kugombana, tuliiweka mezani tukanywa maji. Baada ya kungoja sana, masomo mawili yalishushwa chini. Mengine bado yako juu. Kwa yale mengine, wenzake wanamrekodia kwa simu. Ni nusu ya ushindi, na yeye mwenyewe anaiita nusu.

Kwa wasichana, tulifanya lililo dogo: wanatoka kwa kikundi, na waliopanga upande mmoja wanangojana. Tulisimamia pia mama mmoja mwanafunzi apewe muda wa kumnyonyesha mtoto bila kuandikwa kwamba hayupo. Kwa lile la pointi, hatujafika popote. Msichana anaogopa kusema, kwa sababu anayemlalamikia atakuwa bado na kalamu mwaka kesho. Tunahitaji mama wawili wa chama, watu wazima wanaoheshimiwa, wawe sikio la wasichana hawa na wawasindikize wakitaka kwenda mbele. Sisi vijana wa mradi hatutoshi.

Kuna wanaotuambia haya yote ni mambo ya wazungu. Wazee wetu, tusome Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani yeyote katika mambo ya elimu na kazi za Leta, iwe kwa dini, asili ya familia, hali ya maisha, mahali anapokaa, kabila au lugha. Iliandikwa na nchi iliyotoka vitani na iliyojua inasema nini. Mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata digrii, Sophie Kanza, alimaliza mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi hii. Nchi haikuanguka.

Kilichowahi kuumiza kampasi zetu ni kinyume chake. Wazee mnakumbuka Lubumbashi, usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12 Mei 1990. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuanza kutafutana kwa asili ya jimbo, huyu wa kwetu, yule wa kwao. Usiku ule watu waliingia kwenye kampasi na kushambulia wanafunzi. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire. Swali la "uko wa wapi" likiachwa likue kwenye vyumba vya wanafunzi, halibaki pale.

Sasa turudi kwenye kura ya leo, na kwa wale wanaosema, "Pesa yetu, watoto wetu." Hatuwadharau. Mama anayeuza dagaa na kutoa mchango wake wa mwezi ana haki ya kuuliza kwa nini utamnunulia silabusi mtoto wa jirani ambaye hakukimbia, tena labda ni wa familia iliyokaa kwenye shamba lake. Ni swali la kweli.

Tunamjibu hivi. Tulipokuwa wakimbizi, tulikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa na milango. Kuna bursi za DAFI, zilizoanza mwaka 1992 kwa pesa za Ujerumani, na dunia imeweka lengo kwamba asilimia 15 ya vijana wakimbizi wafike elimu ya juu ifikapo 2030. Hesabu za mwaka 2023 zilisema walikuwa wamefika karibu asilimia 7. Ni wachache, lakini wanahesabiwa. Siku ulipovuka ziwa na kushuka Baraka, ulikuwa raia. Hilo ndilo tulililia miaka yote. Lakini raia hahesabiwi peke yake. Anasimama kwenye mstari wa raia wote, wenye njaa kama yeye. Mtoto wetu hatasoma kwa amani kwenye benchi ambalo jirani yake anamwangalia kama mwenye kula peke yake. Yule wa Itombwe, yule Mtwa, yule wa trisikli, ndio watakaokuwa CP wa promosio, asistanti, apariteri wa kesho. Watakumbuka kama tuliwafungia.

Na kuna sababu ya hesabu. Kabati la silabusi halipungui kwa kusomwa na watu wawili. Mwalimu wa jioni analipwa nauli ileile, wakija kumi ama wakija arobaini. Meza ya Jumatano ni meza ileile. Minervali ndiyo inayogawanyika, na kwa hiyo tunaitenga na hayo mengine.

Tunapendekeza mambo matatu.

Moja: minervali ibaki kwa watoto wa memba, kwa sababu hiyo ndiyo ahadi ya chama tangu mwanzo. Lakini vigezo vitangazwe vijijini, kwa redio na makanisani na misikitini, mwezi mzima kabla ya kufunga majina. Na mtoto wa mwanakomite, akiomba, dosie yake isisomwe na komite. Isomwe na wakaguzi.

Mbili: kabati, masomo ya jioni na meza ya karatasi viwe wazi kwa kila mwanafunzi, bila kuuliza asili. Tusiandike tena kabila wala neno "aliyerudi" kwenye karatasi yoyote inayobaki kampasini. Wafadhili, hapa tunawaomba ninyi pia. Fomu zenu zinatuomba tujaze mistari hiyo. Tupeni njia ya kuwapa hesabu bila kuwapa majina.

Tatu: msichana aliyepata mimba asipoteze nafasi yake kwenye orodha ya minervali. Mpaka leo desturi yetu, ambayo haikuandikwa mahali popote, ni kumpa nafasi hiyo mwingine. Mvulana aliyempa mimba, kama naye analipiwa, anaendelea kusoma. Tumelifanya hilo sisi wenyewe, kwa kunyamaza. Mmoja wao alitoka kwenye orodha akiwa amebakiza mwaka mmoja. Anauza ndizi barabarani, na huwa anatusalimia vizuri tukipita. Tungependa, kura ikipita, yeye awe dosie ya kwanza.

Hatukuja na ripoti ya ushindi. Kwenye kampasi ile bado kuna ngazi, bado kuna giza, na bado kuna watu wenye kalamu. Lakini Jumatano ijayo meza itakuwa pale kuanzia saa tatu asubuhi, na benchi la kungojea tumelirefusha. Mzazi yeyote anayetaka kuona kabla ya kuamini, aje aketi nasi.

Tumemaliza. Sasa maswali, na tunaomba tuanze na mama zetu, maana kila mkutano wanapewa neno wakati watu wamekwisha kusimama.